Siku Mkaguzi Alipopikiwa

Libérata hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomponza. Miaka kumi na mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilimfundisha kupanga foleni bila kununa, na alipoletwa Toronto, akiwa na binti yake Iteka mgongoni, alikuja na tabia hiyohiyo. Wakampa nyumba ghorofa ya saba katika jengo kuukuu la Malvern, vyumba viwili na sebule iliyoungana na jiko, akasema asante. Lifti ikalala wiki tatu, akasema miguu anayo. Mende wakahamia, akanunua dawa kwa pesa yake. Lakini hita za ukutani zilipoanza kufifia, na mtoto akaanza kukohoa ndani ya nyumba yenye kuta, paa na kodi inayolipwa kila tarehe mosi bila kuchelewa, kuna kitu kilimsokota rohoni ambacho hakikutaka tena kusema asante.

Na si kukohoa kwa mchezo. Iteka, ambaye sasa ana miaka tisa, ana pumu. Majira ya baridi ya mwaka jana alilala hospitali siku nne, mpira wa oksijeni puani, macho yamemtoka, na daktari alimwambia mama yake maneno yasiyo na mafumbo: chumba cha mtoto huyu kisiwe na baridi wala unyevu, kwa sababu kifua chake safari nyingine huenda kisivumilie. Libérata aliyabeba maneno hayo mwaka mzima. Alikwenda nayo kazini kwenye nyumba ya wazee, alikowaosha na kuwalisha wakongwe wenye joto la kutosha mpaka wakavaa mikono mifupi mwezi wa kwanza na kumlalamikia kwamba wanaiva. Alirudi nayo jioni katika basi, akafungua mlango wake, na baridi ikampokea koridoni mwake mwenyewe.

Kwa hiyo mwaka huu, majani yalipoanza tu kubadilika rangi, alijifunga kibwebwe. Kanisani waligawiwa kijikaratasi cha ushauri, njia kumi za kuiandaa nyumba kwa baridi kwa gharama nafuu. Ya kwanza: kagua paa lako. Ya pili: ita fundi asafishe tanuri lako la chini. Ya tatu: safisha bomba la moshi kabla ya kuwasha kuni. Libérata alikisoma mpaka mwisho akitafuta paa lake, tanuri lake na bomba lake la moshi. Walioandika hawakuwa na mtu kama yeye kichwani. Waliandika kwa ajili ya watu ambao wangeweza kuajiri mtu wa kuwasomea. Alitumia upande wa nyuma kuandika orodha yake.

Alinunua nailoni nyepesi ya kufunika madirisha kwenye duka la vitu vya bei chee, akaibandika kwa utepe wa gundi pande zote nne, kisha akaazima mashine ya kukaushia nywele na kuipuliza ile nailoni hewa ya moto mpaka ikakazika na kulia kama ngozi ya ngoma ukiigusa. Alikata kitenge kilichochakaa, akashona mirija mirefu, akaijaza soksi zisizo na wenzake, akailaza chini ya milango. Blanketi mbili za mtumba zikawa mapazia. Kitanda cha Iteka alikiondoa kwenye ukuta wa nje, akakisogeza katikati ya chumba, na chini yake akatandika zulia ambalo kanisa lilikuwa linalitupa. Wikiendi mbili nzima, magoti yanamuuma, na kila senti iliyotoka ilikuwa imenyimwa kitu kingine. Na bado kipimajoto kidogo alichokitundika juu ya kitanda cha mtoto kilisoma digrii kumi na saba. Sheria ya jiji inasema mwenye nyumba asishushe joto chini ya ishirini na moja. Libérata aliisoma mwenyewe, kwa kamusi.

Sasa tumzungumzie Cyriaque, msimamizi wa jengo. Mkongo wa Uvira, shemasi katika kanisa hilohilo, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno matamu zaidi ya funguo. Kila alipoitwa alikuja, haki yake tumpe. Alikuja, akaweka kiganja kwenye hita, akatikisa kichwa kama daktari anayesikitika, kisha akakaa. Na mtu akikaa nyumbani kwa Libérata hupewa chai, na chai haiendi peke yake. Ukiwa umelelewa ukalelewa, humrushii mgeni maneno mazito akiwa na kikombe mkononi. Unangoja amalize. Tatizo ni kwamba Cyriaque akimaliza alikuwa anasimama.

“Mama Iteka, chauffage iko inawaka, ni vile nguvu yake iko kidogo,” alisema mara ya sita, akipangusa makombo ya mandazi kwenye ndevu. “Nimekwisha kuambia patron. Yeye njo anajua.”

“Shemasi, mtoto ataumwa.”

“Tuombe Mungu, mama. Na wewe ongeza blanketi.”

Huyo patron, mwenye jengo, hakuna mpangaji aliyewahi kumtia machoni. Ilisemekana anakaa Markham, katika nyumba yenye gereji mbili, na bila shaka ndani yake watu wanatembea pekupeku. Libérata hakuwa na kinyongo na gereji zake. Kilichomchoma ni kwamba kwa miaka miwili mtu huyo alikuwa anamuuzia joto ambalo halifiki, na yeye, mnunuzi, ndiye aliyekuwa anaomba radhi kila anapopiga simu.

Mwanzoni mwa Novemba akavunja ukimya. Alipiga simu ya manispaa, akangoja muziki uishe, akaeleza kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba nyumba ina baridi na mtoto ni mgonjwa. Alikuwa sahihi kila neno. Wakampa siku: mkaguzi angekuja Jumamosi saa tano asubuhi.

Na hapo ndipo mwanamke mwenye akili zake timamu alipofanya kosa ambalo ungelifanya wewe pia kama mama yako alikulea vizuri.

Mkaguzi wa jiji! Mtu wa serikali, anakuja kusimama upande wake, halafu akute jiko limelala? Haiwezekani. Libérata aliamka alfajiri akabandika maharage. Akaingiza kuku wawili kwenye oveni. Akakaanga ndizi, akasukuma chapati, akachemsha chai ya tangawizi katika sufuria kubwa. Akampigia Épiphanie, rafiki yake wa tangu kambini anayeishi Pickering na kufanya kazi kiwandani, naye akaja na wanakwaya watatu, maana mgeni mkubwa hapokelewi na mwanamke mmoja kama vile nyumba haina watu. Wote wakajipanga sebuleni na vitenge vyao vya Jumapili. Walikuwa mashahidi, walisema. Walikuwa tayari kueleza habari za ile baridi.

Mkaguzi aliitwa Shamil, kijana wa miwani na tabasamu la aibu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo tu akawa amekwisha kuwateka. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kuvunjika, “Karibu mama, asante mama,” akaongeza kwa Kiingereza kwamba bibi yake alizaliwa Tabora na kwamba harufu hiyo ya tangawizi anaijua. Wanawake walipiga vigelegele. Kumbe ni wetu! Libérata alikimbilia jiko. Akafunua masufuria yote kwa mpigo.

“Siwezi kula, mama,” Shamil alisema, akipangusa miwani iliyojaa mvuke. “Kazi yangu hainiruhusu hata kikombe cha maji.”

Walidhani ni adabu tu, mgeni anayekataa ili abembelezwe. Wakambembeleza mara tatu. Naye kijana wa watu akavua koti, akaning'iniza kwenye kiti, akasimamisha kipimo chake juu ya kigoda katikati ya sebule, akangoja. Alipima na chumbani kwa Iteka, mlango uko wazi, na wanakwaya wamemfuata wamejaa kizingitini wakimweleza wote kwa pamoja jinsi mtoto alivyoteseka. Aligusa hita, akaandika. Aliandika kingine, akapiga picha. Sebuleni, ishirini na mbili na nusu. Chumbani, ishirini na moja na kidogo.

“Umeziba madirisha vizuri sana,” alimwambia Libérata, na alikuwa anamsifu kweli.

Siku nane baadaye barua ilikuja. Libérata aliisoma akiwa amesimama penye masanduku ya posta, halafu akaisoma tena kwa sababu aliamini Kiingereza chake kimemsaliti. Kilikuwa hakijamsaliti. Joto limepimwa, linafikia kiwango, hakuna kosa lililoonekana, faili limefungwa. Wakati anasoma, theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka nje ya mlango wa vioo, na Cyriaque alikuwa anapita na koleo lake.

“Unaona?” alisema, akiitupia macho barua, kwa upole wa mtu aliyeshinda. “Hata serikali yenyewe inasema iko bien. Labda ni wewe tu haujazoea baridi.”

Miaka saba yuko Kanada, na bado hajazoea baridi! Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Alipanda ghorofa saba kwa miguu, maana lifti ilikuwa imelala tena.

Usiku ule kipimajoto cha juu ya kitanda kilisoma kumi na sita. Iteka alilala na koti na kofia ya sufi, na kifuani mwake kulikuwa na filimbi nyembamba iliyoanza kulia kila anapovuta pumzi.

“Kifua kinakubana?”

“I'm okay, Mama,” mtoto alisema. Baadaye akaongeza, kwa sauti ndogo, “It's a little tight.”

Libérata alimpa dawa ya kuvuta, akamkumbatia mpaka filimbi ikapungua, kisha akaketi jikoni akampigia Épiphanie. Alimwaga yote: barua, Cyriaque, kijana wa Tabora aliyewageuka. Alimwita Shamil mnafiki. Alisema alikula rushwa, ingawa walishindwa kumlisha hata chapati. Épiphanie alisikiliza mpaka mwisho.

“Libé,” alisema, “siku ile mimi nilivua sweta.”

“Sweta gani?”

“Sweta yangu. Nilivua nikaiweka kwenye mkoba. Na Mama Brice wa kwaya alikuwa anajipepea na kitabu cha nyimbo.”

Libérata aligeukia jiko lililopoa. Aliliona kama siku ile, sahani zake zote nne za moto zinawaka, oveni inaunguruma, wanawake watano wanene wa heri wanapumua katika sebule iliyozibwa kama chupa. Hakuna aliyemgeuka. Ni yeye mwenyewe aliyeipasha moto nyumba ya patron, kwa maharage yake na umeme anaoulipia yeye, halafu akaiita serikali ije kuushuhudia ule moto. Nailoni zake, mirija yake ya soksi, magoti yake, vyote vimeandikwa kwenye faili kama sifa za mwenye jengo. Alijikasirikia kwanza. Kisha hasira ikapata njia yake ya haki, ikahama kwake ikaenda Markham, ikakaa huko. Mtu anakaa miaka miwili hanunui hata utepe wa gundi, na jasho la mpangaji wake linamsafisha mbele ya sheria!

Kesho yake, wakati wa mapumziko kazini, alipiga simu tena. Mwanamke wa upande wa pili alimweleza kwamba faili lile limekwisha kufungwa.

“Basi fungua jingine,” Libérata alisema.

Alishangaa mwenyewe. Hakuomba radhi, wala hakusema tafadhali. Yule mwanamke akaanza kumzungusha, mara apeleke malalamiko kwa msimamizi kwanza, mara asubiri, na Libérata akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile mpaka akapewa Alhamisi asubuhi.

Jumanne jioni alimpeleka Iteka kulala kwa Épiphanie. Kisha akarudi akaanza kubomoa kazi yake. Alibandua nailoni moja baada ya nyingine, na kila ilipobanduka upepo ulipenya penye fremu za madirisha zilizolegea ukamgusa uso. Akakusanya mirija yote ya soksi. Akashusha blanketi. Pasiwe na mtu wa kusema alidanganya. Alichokifanya ni kurudisha nyumba kama alivyokabidhiwa, hivyohivyo ilivyo, kodi ileile. Siku mbili hakuwasha jiko. Alikula mkate na ndizi mbivu, akalala na nguo zake zote mwilini, na jambo moja tu lilimfariji, kwamba binti yake yuko Pickering anapumua.

Alhamisi nje kulikuwa na digrii tisa chini ya sifuri. Shamil alibisha hodi saa nne. Alivua viatu kama mara ya kwanza, kisha vidole vya miguu vikakunjamana kwenye sakafu akavitazama. Koti hakulivua.

Libérata alisimama penye ukuta, mikono kifuani. Kila mfupa wake ulitaka kusema karibu, kaa, pole na safari. Ulimi ulimwasha. Kiti kilikuwa hapo, hatua moja, na hakukisogeza. Katika maisha yake yote, hata kambini walipokuwa wanagawana uji kwa kijiko, hajawahi kumwacha mgeni amesimama mbele ya jiko lisilo na moto, na aibu aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Aliivumilia. Kijana alisimamisha kipimo juu ya kigoda, akapulizia viganja vyake, wakangoja.

“Mara ya kwanza ilikuwa ishirini na mbili,” Shamil alisema hatimaye, akiitazama namba kwa mashaka. “Nini kimebadilika?”

“Hakuna,” Libérata alisema kwa Kiingereza chake cha kazini, kila neno mahali pake. “Ile mara ya kwanza ulipima jiko langu na wanawake watano. Leo pima nyumba.”

Shamil alimtazama, akatazama jiko, akatazama madirisha matupu. Ikamwingia taratibu, na alipoelewa alishika kichwa. Hakucheka. Alikwenda chumbani kwa mtoto, akapima, akaweka mkono penye fremu ya dirisha, akapiga picha nyingi.

“Isome kwa sauti,” Libérata alimwambia.

“Kumi na tano na nukta nane.”

“Tena.”

“Kumi na tano na nukta nane, mama.”

Shamil alipoondoka, Libérata alifunga mlango akalia kwa hasira, amesimama hapohapo. Alilia kwa sababu ya kumfukuza mgeni kwa baridi. Alilia kwa sababu nchi hii ilimlazimisha awe na roho mbaya ndipo iamini kwamba anasema kweli. Kisha akanawa uso, akachukua ile mashine ya nywele, akaanza kurudisha nailoni dirishani kwa Iteka.

Amri ya jiji ilimfikia mwenye jengo, na amri husikika kuliko maombi. Jumatatu Cyriaque alikuja na fundi, kijana mrefu mwenye sanduku la spana, ambaye hakugusa hita hata moja. Alifungua kijimlango cha bati koridoni, panapopita mabomba ya ghorofa ile, akaingiza kichwa na tochi, akagonga kitu, akakibana kwa spana, akasukuma. Bomba likanguruma. Ndani ya nyumba hita zikalia ka, ka, ka, kisha zikaanza kupata moto, moto wa kweli, wa kukufanya uondoe kiganja. Iteka, aliyekuwa amerudi jana yake, alipiga kelele ya furaha chumbani.

Libérata alimuuliza fundi tatizo lilikuwa nini. Vali imekwama, alisema. Ingechukua muda gani kuitengeneza? Fundi alitazama saa yake. Ilikuwa imechukua dakika ishirini, na kumi kati ya hizo walikuwa wanatafuta funguo za kile kijimlango.

Cyriaque alipangusa mikono ingawa haikuwa michafu, akatabasamu.

“Unaona, Mama Iteka? Ilikuwa kakitu kadogo tu.”

Libérata alimtazama shemasi wake, mtu aliyekula mandazi yake mara sita, mwenye funguo zote za jengo zikining'inia kiunoni.

“Rudia,” alisema.

“Nini?”

“Ulichosema. Rudia.” Akageuka akaita, “Iteka, njoo.”

Mtoto alitoka chumbani na kofia yake ya sufi bado kichwani, uso umemng'aa kwa joto. Mama yake alimshika mabega, akamsimamisha mbele ya Cyriaque.

“Mwambie huyu. Alilala hospitali siku nne na mpira puani. Mwambie ilikuwa kitu kidogo.”

Cyriaque alitazama kofia ya mtoto, kisha viatu vyake mwenyewe. Iteka alimtazama mama yake, akamtazama shemasi, akingoja aambiwe. Fundi, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, aliuliza kama kuna tatizo jingine la kutengeneza.